Sauti ya Chaneli ya Kumi na Nne

Watu husahau. Husahau walikoweka ufunguo, husahau jina la mwalimu wao wa kwanza, husahau hata machozi waliyolia mwaka jana. Fundi hakuumbwa hivyo. Miaka saba ilikuwa imepita, na bado angeweza kukwambia rangi ya soksi alizovaa Kishindo siku basi lilipoondoka: kijivu, ya kulia imetoboka kwenye kidole gumba, na Fundi ndiye aliyekuwa ameahidi kuishona jioni hiyo.

Kwa hiyo meneja wa ukumbi alikofanya kazi alipobandika tangazo kwamba Kishindo na bendi yake ya roki wanakuja, Jumapili saa kumi alasiri, mama yake Fundi alimshauri achukue likizo.

"Nenda kwa mamako mdogo, mwanangu. Siku mbili tatu tu."

"Nikimbie kazi yangu mwenyewe, mama?"

"Si kukimbia. Ni kumpisha mwendawazimu njia."

"Mwendawazimu ni mimi. Yeye ndiye anipishe."

Mama alicheka kidogo, kisha akaendelea kukunja nguo. Zamani ndiye aliyepinga kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Mwanamume anayelala kwenye basi! Ukizaa mtoto mtamlaza wapi, kwenye buti?" Binti aliondoka bila kuaga. Na aliporudi, na mkoba mmoja na midomo iliyokauka, mama hakusema "nilikwambia." Alimpashia maji ya kuoga. Huruma hiyo ndiyo iliyomchoma binti kuliko matusi yote ambayo angetukanwa.

Jumapili ikafika. Saa tano asubuhi basi la bendi likarudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma wa ukumbi, na Fundi, akiwa nyuma ya meza yake ya sauti katikati ya viti mia tisa vitupu, akasikia ule mlio wa breki. Aliishi miaka minne ndani ya mlio ule. Alijua wanamuziki wa barabarani huijua miji kwa milango yake ya nyuma: mapipa ya taka, ngazi za chuma, mlinzi anayeuliza "nyinyi ndio nani?" Alijua kufua blauzi kwenye sinki la kituo cha mafuta na kuikausha dirishani basi likienda mbio. Alijua kulala kichwa kikiwa juu ya mfuko wa ngoma, na mkono wa Kishindo kiunoni mwake, na barabara ikinguruma chini yao kama mnyama aliyeshiba. Alikuwa na furaha. Hilo nalo hakulisahau, ingawa alijaribu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mpiga ngoma, ambaye walimwita Babu kwa sababu mvi zilimwingia kabla ya ndoa. Alitupa fimbo zake jukwaani.

"Shemeji! Ni wewe au macho yangu yananidanganya?"

"Ni mimi, Babu."

"Lo! Ningejua uko hapa..."

"Ungefanya nini?"

"Ningenyoa."

Fundi akacheka bila kutaka. Babu hakuwa mtu mbaya. Siku ile basi lilipoondoka bila Fundi, alikuwa kiti cha nyuma kabisa, amelala kama gogo, na Fundi aliamini hivyo kwa sababu Babu hulala hata akiwa amesimama.

Nyuma yake akaingia Dada Mkubwa. Huyu alikuwa dada wa Kishindo, msimamizi wa bendi, mweka ratiba, mwenye kauli ya mwisho kuanzia nyimbo hadi shuka. Alimwona Fundi, akasita nusu hatua, kisha akavaa tabasamu kama mtu anavyovaa kiatu kinachobana.

"Wifi yangu! Kumbe ndiko ulikojificha? Umenawiri. Maisha ya kukaa yamekupenda."

"Na wewe, wifi, hujazeeka hata kidogo. Barabara inawahifadhi kama samaki wa chumvi."

"Bado una mdomo."

"Mdomo nilibaki nao. Sauti je?"

Hilo alilisema kwa kejeli tu. Alikuwa na maana kwamba hakuimba tena tangu siku ile. Lakini aliona jicho la Dada Mkubwa likicheza, likikimbilia kwenye kompyuta ndogo ya bendi iliyokuwa imeshawekwa kando ya meza ya sauti, na moyo wa Fundi ukaandika jambo hilo.

Kazi ikaanza. Kabla ya onyesho kila chombo hujaribiwa peke yake. Fundi alikuwa na orodha ya chaneli, yaani njia ya kila sauti kwenye meza, waliyotuma wiki moja kabla: chaneli ya kwanza, sauti ya Kishindo, ya pili, gitaa lake, besi, ngoma, vinanda, na chini kabisa, chaneli ya kumi na nne, neno moja tu: nyongeza.

"Ya kumi na nne," Fundi aliita kwenye maikrofoni yake ya kuzungumza na jukwaa. "Nyongeza hii ni nini?"

"Mwangwi mwangwi tu wa kompyuta," Dada Mkubwa akajibu haraka. "Weka kiasi, hata usiisikilize."

Mwambie fundi wa sauti asisikilize! Alivaa hedifoni, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya msichana. Ilianza chini, ikapanda kama mtu anayepanda ngazi peku, ikafika pale juu ambapo koo la mwanamume haliendi, na huko juu ikakaa. Mwishoni kabisa kulikuwa na kicheko kidogo kilichomezwa. Fundi alikijua kicheko hicho. Walirekodi ndani ya chumba kilichozibwa kwa magodoro, na Kishindo alikuwa mbele yake amekunja uso kama mbuzi ili amchekeshe, na Fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alipenda hadi meno yakauma.

Akavua hedifoni.

Nchi nzima ilijua kwamba Kishindo ana sauti mbili kooni. Magazeti yaliandika. Vijana walijaribu kumwiga bafuni wakapaliwa. Alipofika kwenye kipande kile cha juu alikuwa akiyapa mataa mgongo, anatupa kichwa nyuma, nywele zinafunika mdomo, na ukumbi unapiga mayowe. Fundi hakuwahi kusikiliza. Kwa miaka saba kila redio ilipotaja jina la Kishindo aliizima. Kumbe alipotupwa hakutupwa mzima. Walimwacha yeye, wakaichukua sauti, wakaizungusha mji kwa mji, na kwenye karatasi wakaiandika nyongeza.

Saa nane Kishindo mwenyewe akaja kwenye meza ya sauti. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Alitembea polepole katikati ya viti vitupu, ameshika mkono kwa mkono kama mtu anayeingia msibani.

"Kengele," alisema. Hilo ndilo jina alilompa zamani, kwa ajili ya ile sauti.

"Hapa naitwa Fundi."

"Umebadilika."

"Nimekaa. Mtu akikaa hubadilika. Wewe bado unasafiri na watu wawili kooni?"

Kishindo akainamisha macho. Alikuwa bado mzuri, na hilo lilikuwa tusi lingine. Mistari miwili ilikuwa imeingia pembeni mwa mdomo wake, na vidole vyake vilinuka chuma cha nyuzi kama zamani, na Fundi alichukia kwamba pua yake ilijua.

"Nilitaka kukwambia," akasema Kishindo.

"Miaka saba unataka tu?"

"Nilijaribu kuimba mwenyewe. Haikufika. Dada akasema tuweke yako kwa onyesho moja tu, mpaka koo lipone."

"Koo." Fundi akatabasamu. "Unakumbuka nilishuka kwenye basi kwa ajili ya nini?"

Kishindo akavuta kiti, asikikalie.

"Nilishuka pale kituo cha mafuta kukununulia dawa ya koo. Ulikuwa huwezi kusema. Nikatoka dukani na chupa mkononi, basi linaondoka. Nikasema wananitania, Babu huyo. Nikakimbia. Halafu nikauona mkoba wangu. Umewekwa kando ya pampu ya upepo, na viatu vyangu juu yake, vimepangwa. Kishindo, vilipangwa! Mtu aliyesahauliwa hapangiwi viatu."

"Ni dada aliyeshusha mkoba. Wale wakubwa wa maonyesho walitaka sura moja jukwaani. Walisema wawili ni mzigo. Dada akasema mke huvunja bendi."

"Sijauliza nani alishusha mkoba. Nauliza, uliniona?"

"Nilikuwa nimelala."

"Kishindo."

Jukwaani spika moja ilikuwa inavuma taratibu, na Fundi, kwa mazoea tu, akaipunguza.

"Nilikuona," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unakimbia na chupa. Ulipoteza kandambili moja. Nikafumba macho."

Basi. Miaka saba alikuwa akiomba asikie hilo, na sasa lilimfikia likiwa zito na la kawaida, kama mtu anayekukabidhi tofali. Alitegemea kulia. Badala yake akajikuta anamtazama kope. Zilikuwa ndefu zilezile. Zilifumbwa siku ile zisimwone, na yeye alikuwa amezibusu mara ngapi?

"Njoo nasi," Kishindo akasema ghafla. Aliweka mkono juu ya meza, karibu na wake, bila kuugusa. "Kesho asubuhi tunaondoka. Kiti chako kipo, pembeni yangu, dirishani. Utaimba mwenyewe. Sijampenda mwingine, haki ya Mungu. Nimejaribu, nikashindwa. Kila siku nakusikia masikioni, Kengele, kila onyesho. Unadhani ni adhabu ndogo?"

Na mkono mjinga wa Fundi ukataka kusogea. Tuseme ukweli: ulisogea, upana wa ukucha mmoja.

"Leo," akasema, akiurudisha, "kabla ya wimbo ule, waambie watu. Maneno mawili tu: si yangu. Ukishasema, tutazungumza habari ya viti na madirisha."

Akaona uso wake ukifungwa kama duka.

"Siwezi. Wimbo ule ndio bendi. Babu ana watoto watatu. Dada ataniua. Nipe muda, nitafute namna nzuri ya..."

"Basi nitaifunga. Ukitupa kichwa nyuma, kumi na nne itakuwa imekufa. Uwaimbie wewe."

Kishindo akainua kidevu, akamtazama kwa macho yaliyolowa, macho ya picha za magazeti.

"Funga," akasema. "Nastahili. Niangushe mbele yao wote. Nitaipokea."

Akageuka akaenda, mabega yameinama vizuri sana. Na Fundi akabaki pale akihema, kwa sababu alikuwa amemwelewa. Hata adhabu alitaka iwe yake. Sauti ingempasuka, angepiga magoti, na kesho yake wasichana wangelia kwenye redio: maskini Kishindo, alivunjika moyo jukwaani. Na huyo aliyeimba? Nani? Hakuna. Nyongeza.

Saa kumi alasiri ukumbi ulijaa hadi ngazini. Nyimbo tano zilipita, na kila aliyekuwapo atakuhakikishia kwamba sauti ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Fundi hakuwa mtu wa kuharibu kazi. Wimbo wa sita ulipoanza, watu walisimama wote kwa pamoja. Kishindo akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, huku macho yake yakimtafuta Fundi juu ya vichwa vya watu. Akakaribia kipande kile. Akayapa mataa mgongo. Akatupa kichwa nyuma, akisubiri kuanguka.

Kidole cha Fundi kikaenda kwenye chaneli ya kwanza. Akaifunga. Akafunga gitaa, besi, vinanda, ngoma. Akaiacha moja tu.

Msichana wa miaka ishirini na miwili akaimba peke yake ndani ya ukumbi wa watu mia tisa.

Babu akapiga mara mbili tatu zaidi, kavu, bila spika, akaacha. Kishindo aligeuka mdomo wazi, na mdomo ulikuwa wazi hivyo huku sauti ikiendelea kupanda bila yeye. Kila mtu aliona. Kwanza ikawa kicheko cha hapa na pale, halafu minong'ono, halafu kimya, kwa sababu sauti ile ilikuwa nzuri mno kuchekwa. Ikafika juu. Ikakaa. Na mwisho kikasikika kile kicheko kilichomezwa, ambacho siku zote ngoma zilikifunika.

"Nani huyo?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Ni nani huyo anayeimba?"

Dada Mkubwa alikuwa ameshuka jukwaani, anapasua watu kwa viwiko. Alifika mezani hana pumzi.

"Fungua, wewe! Fungua chombo, mchawi mkubwa!"

"Wifi, usiguse meza ya watu."

Meneja wa ukumbi naye akafika, jasho linamtoka. "Fundi, kuna hitilafu?"

"Hakuna hitilafu, mzee. Hiyo ndiyo sauti yenyewe."

Jukwaani Kishindo aligonga maikrofoni yake iliyokufa. Akamtazama Fundi, akainua kiganja kwenda juu, ishara ambayo kila mwanamuziki humpa fundi: nipandishe. Safari hii hakuwa anaigiza. Fundi akafikiri. Kisha akaifungua chaneli ya kwanza.

"Si yangu," Kishindo akasema. Akasafisha koo. "Haikuwahi kuwa yangu. Ni ya mwanamke aliye pale, kwenye meza ya sauti. Nilimwacha kituo cha mafuta akiwa ameninunulia dawa. Nilimwona anakimbia, nikajifanya nimelala. Nimezunguka na sauti yake miaka saba." Hapo machozi yakamshuka. Akapiga magoti. "Nampenda. Mbele yenu nyote, ninamwomba anisamehe."

Vichwa mia tisa vikageuka. Mama mmoja mstari wa kati alishika kifua. Kisha kijana fulani akaanza, na wengine wakadakia, na baada ya muda mfupi ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi kwa mpigo mmoja: "Msamehe! Msamehe! Msamehe!"

Damu ikampanda Fundi hadi kwenye masikio. Walimjua kwa dakika mbili, tayari wanamdai. Mtu anakuchoma kisu mgongoni, anakiri kwamba ni chake, na dunia nzima inakuhimiza umrudishie kwa mikono miwili. Alitazama yale magoti yaliyopigwa katikati kabisa ya taa nyeupe. Na bado, Mungu wangu, alimpenda. Alimpenda kama mtu anavyopenda nyumba iliyoungua.

Akachukua maikrofoni yake ya kazi, akaielekeza kwenye spika zote.

"Kaka," akasema.

Makofi yakakatika. Kishindo akainua uso. Hakuwahi kuitwa hivyo na yeye, hata siku ile ya kwanza walipokutana. Lilikuwa neno la kumwitia dereva, mpita njia, muuza vocha.

"Kaka, tumekusikia. Saa nane mchana nilikuomba maneno mawili, ukaniambia huwezi. Umeweza ulipoishiwa. Hayo si mapenzi, ni kukamatwa. Simama. Watu wamekuja kusikiliza nyimbo, na zimebaki tatu."

Akachomoa flashi yenye rekodi ile kutoka kwenye kompyuta ya bendi, akaitia mfukoni.

"Hiyo ni mali ya bendi!" Dada Mkubwa akafoka.

"Hilo ni koo langu, wifi. Kama una neno, nenda kakae kwenye kiti chako kwanza, usiwazibe watu."

Na yule mama wa mstari wa kati akapiga makofi, peke yake, kwa nguvu. Babu akainamisha kichwa chake cheupe, akahesabu kwa fimbo: moja, mbili, tatu, nne.

Fundi akafungua kila kitu. Hakutaka mtu aseme kesho kwamba aliharibiwa kazi na mwanamke mwenye kinyongo. Akapanga ngoma, akapanga besi, kisha akaja kwenye sauti ya Kishindo na kuondoa mwangwi wote, mapambo yote, hadi ikabaki tupu kama mtu aliyetoka kuoga. Akavaa hedifoni.

Kishindo akasimama, magoti yana vumbi la jukwaa. Akafungua mdomo. Ilitoka sauti ya mtu mmoja, ya chini, yenye mikwaruzo, ikijikwaa kwenye ubeti wa kwanza, ikajishika kwenye wa pili, ikatulia. Ukumbi ukaanza kuitikia kwa miguu. Fundi alisikiliza kwa sikio la kazi, akitafuta kasoro ya kuifurahia, akaikosa. Haikuwa mbaya. Hapo ndipo machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza siku ile, kwa uchungu na hasira: haikuwa mbaya hata kidogo, na ingetosha tangu mwanzo.